Ndoa Moja Katika Kanisa la Mfalme

Sogeeni mnisaidie, maana kesi hii imenishinda.

Katika ufalme wa Rwamisha, kanisa la mfalme lilifungisha ndoa za ukoo wa kifalme tu. Watu wa kawaida walipewa nafasi ya ndoa moja tu katika utawala wa kila mfalme.

Mtunza kanisa, Ishengoma, hakumwamini mtu. Hata waumini wakipiga magoti, yeye alichungulia mikono yao.

Basi, walikuwapo vijana watatu, kila mmoja na mchumba wake. Kokushubira alikuwa na pua kali, Byabato alipanda popote, na sauti ya Rugaimukamu ilivuka bonde.

Adhuhuri moja paa la nyasi la kanisa lilishika moto.

Kokushubira, akipita njiani, alinusa moshi kabla haujaonekana, akapiga yowe.

Byabato alisikia yowe, akaparamia ukuta, akakata kwa panga nyasi zilizowaka na kuzitupa chini.

Rugaimukamu aliwaita watu waliokuwa mashambani. Wakaja na maji, moto ukazimika.

Mfalme akasema, "Mmoja wa hawa watatu atafunga ndoa humu. Ishengoma, Jumapili nitajie jina."

Lakini Ishengoma alijiuliza: wote watatu walifikaje pale kwa wakati mmoja? Hawa wameuwasha wenyewe! Akawaita mmoja mmoja.

"Binti, mimi nilikuwa mlangoni sikunusa kitu. Wewe ulinusaje?"

"Baba, kwetu tunachoma mkaa. Moshi nimekua nao."

"Na wewe Byabato, panga ulilitoa wapi?"

"Nilikuwa nakata ndizi, mzee. Ningepanda mikono mitupu?"

"Rugaimukamu, mbona watu walifika upesi, kama waliokuwa wakisubiri?"

"Waulize wao, mzee. Ila moto ulianzia darini. Ufunguo wa dari anao nani?"

Ishengoma akajipapasa mshipi. Ufunguo alikuwa nao yeye, kiunoni. Akakumbuka kibatari alichopanda nacho asubuhi ile kutafuta popo. Alishuka bila kukizima.

Alikwenda kwa mfalme, akakiri.

"Kosa lako nitaliamua mimi," mfalme akasema. "Jina bado nalisubiri."

Sasa hakuwa na wa kumshuku tena, na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Bila pua, nani angejua? Bila panga, paa lingebaki? Bila sauti, maji yangetoka wapi?

Jumapili imefika, na mfalme ameketi. Ungekuwa wewe Ishengoma, ungetaja jina la nani?