Aliyeivunja Nyumba ya Chumvi

Apeni kwanza. Apeni kwamba haya hayatoki nje ya ukumbi huu, maana ni mambo ya nyumba ya watu. Muuza maandazi nimeshamwambia asubuhi, lakini yule si mtu wa kusema.

Zamani sana chumvi haikuyeyuka. Ungeitia majini ikalala humo usiku kucha, ukaiokota vilevile, ngumu kama changarawe. Maana chumvi ilikuwa nyumba ya mke na mume, Mwatime na Kombo, walioshikana hata upepo haukupata pa kupita.

Siku moja wakatoweka. Mara ya mwisho walionekana wakienda kumtembelea Mafuta, na kwa kuwa Mafuta anateleza, hashikiki, jiko zima likamwangukia yeye. Aliapa kwamba walitoka kwake wameshikana kama walivyoingia. Nani amsikilize? Wazee wakaamua amwagwe mchangani, asionekane tena jikoni.

Aliyelia kuliko wote alikuwa Bi Maji, jirani wa kila mtu. Mwanamke mpole, hana rangi, hana harufu, wa kumdhania ni nani? Bi Chungu, shangazi yake Mwatime, akamkumbatia kumtuliza, na chozi moja likamdondokea mdomoni. Akalilamba. Akamwachia polepole, akarudi nyuma hatua moja.

"Mwenzangu," akasema, na watu wote wanasikia, "mbona mwanangu yumo ndani yako?"

Watu wote wakamgeukia Bi Maji. Hata moto ulisahau kuwaka.

Kumbe Bi Maji ana mdomo mmoja na masikio mawili. Kombo alipenda kusifiwa, Bi Maji akamgeuzia mdomo. Mwatime alikosa wa kumsikiliza, akamgeuzia masikio. Kisha Bi Maji akawaita dada zake, wakamzingira huyu kwa midomo na yule kwa masikio, mpaka mikono ya wale wawili ikaachana pasipo hata ugomvi. Mafuta, asiye na sifa za kumpa mtu wala sikio la kumtegea, angewaachanishaje? Aliachiliwa palepale, na hakuna aliyemwomba radhi.

Na tangu siku hiyo chumvi ikitiwa majini huachana ikapotea machoni, bali mafutani hukaa nzima. Bi Maji hakukana. Alisimama katikati ya jiko, mwili wote unaonekana ndani, watu wamemzunguka, na humo ndani Kombo huku, Mwatime kule, na wote wawili mikononi mwake.