Mganga wa Kijungu cha Tatu

Kila jioni ni mimi tu, kana kwamba babu yenu alizaliwa bila mdomo. Nimeishia darasa la pili, na bado mnanitaka niwape habari za Wayunani. Haya, sogezeni kuni. Paukwa? Itikieni vizuri, sijamlazimisha mtu. Paukwa? Pakawa.

Hapo zamani, wanyama waliposema na watu wakasikiliza, kulikuwa na mji huko Uyunani. Watu wake nawasifu, na mimi si mwepesi wa kusifu. Mtu akisema "najua," hawakumpigia makofi. Walimuuliza, unajuaje? Aliyebahatisha akapatia, walisema amepatia, basi. Anayejua kwao ni yule anayeweza kueleza sababu.

Palikuwa na mganga, Drakonti. Baba yake alimwachia vijungu vitatu vya majani makavu: kimoja cha tumbo, kimoja sumu ya kuulia mbwa mwitu, na cha tatu, kile cha mwisho, dawa ya homa. Alihesabu tu mpaka cha tatu, akachota. Akapona mgonjwa wa kwanza, akapona wa pili, akapona wa tatu. Drakonti akavimba kichwa.

Ikaja sikukuu. Akapangusa rafu, akavirudisha vijungu ovyo. Siku hiyo hiyo Mirine mfinyanzi akamleta bintiye mgongoni, mtoto anawaka moto. Drakonti akahesabu, akachota cha tatu, akaloweka kikombeni, akampa Mirine.

Mlangoni alikaa bibi Melita, ambaye akiona mtu ana uhakika, hamwachi.

"Bwana mganga, unajuaje kuwa hiyo ni ya homa?"

"Imeponya watatu."

"Hao wamepona. Wewe unajuaje?"

"Ni kijungu cha tatu, mama."

"Nimesikia. Unajuaje?"

Drakonti akamuuliza kwani yeye anajua. Melita akajibu hajui hata kidogo, ndiyo maana anauliza na hachoti. Mirine, kikombe mkononi, akasita.

Mbuzi wa mganga akanyoosha shingo, akanusa.

"Hiyo inaua," akasema. "Dawa yenu ni kijungu cha kwanza."

"Na wewe unajuaje?" Mirine akauliza.

"Hii inanuka panya, na vijiti vyake vina madoa ya zambarau. Dada zangu watatu waliila. Miguu ilikufa kwanza, kisha pumzi. Ile ya kwanza ni chungu mdomoni, haina doa, nami huila kila nikiugua."

Wakamwaga vijungu, wakatazama, wakanusa. Ni kweli, madoa na harufu ya panya. Mtoto akanyweshwa ile chungu, akatoka jasho, akaomba mkate.

Wazee wa mji hawakumchapa Drakonti. Walimnyang'anya kigoda cha uganga cha baba yake, wakamkalisha mbuzi juu yake. Na Drakonti akalipa kwa miaka mitatu, amekaa chini kwenye vumbi mbele ya mbuzi wake mwenyewe, akinusa jani moja moja na kueleza sababu, na akikosea anaanza upya.

Hadithi yangu naiachia hapo hapo vumbini.