Stendi Nyepesi

Wapendwa, leo sina mkulima wala mbegu. Mkulima mmemsikia mpaka mmemchoka. Leo nina mpiga picha.

Kulikuwa na mpiga picha mmoja huku huku milimani, na si wa simu hizi mnazoinua juu harusini mpaka mchungaji hawaoni maharusi. Huyu alikuwa na kamera ya zamani, ya mbao, kubwa kama kreti mbili za soda zilizopandana. Filamu yake haikuwa mkanda. Ilikuwa kipande kimoja kipana kama sinia, na kila picha ilikula kipande chake. Alijifunika kitambaa cheusi kichwani, akapima, akafungua jicho la kamera, akahesabu moja mpaka nne, akafunga. Katika hesabu hiyo kila kitu kilipaswa kutulia. Lakini picha yake ikitoka vizuri, hata watu sitini wakiwemo, unaona mpaka kope za mtoto wa mstari wa nyuma.

Siku moja stendi ya kamera ile, ile ya miguu mitatu inayoishikilia, ikavunjika mguu. Akateremka mjini kwa fundi mmoja mzee anayeuza vyombo vilivyokwisha kutumika. Fundi akamtolea stendi mbili. Moja ilikuwa ya bati jepesi, inang'aa, inakunjika ikawa ndogo, unaibeba kwa vidole viwili. Ya pili ilikuwa ya mbao, ya wapima ardhi wa zamani, miguu minene yenye ncha za chuma, mbaya ya sura, na uzito wake si wa mchezo.

Fundi alichukua jiwe lenye uzito wa kamera ile akaliweka juu ya stendi ya mbao, na juu ya jiwe akaweka bakuli la maji. Akaugonga mguu kwa kidole. Maji yakatikisika kidogo, yakatulia. Akahamishia jiwe na bakuli kwenye ile inayong'aa, akagonga. Wapendwa, maji yalitetemeka mpaka mtu angeweza kuhesabu kumi.

"Umeona?" fundi akamwuliza.

"Nimeona, fundi. Lakini bega langu ni moja, na vilima vya kwetu ni vingi."

"Bega ni lako, bwana. Picha ni ya watu."

Mnadhani alinunua ipi? Mzee Elinihaki, usicheke, nakuona. Hata wewe ungenunua hiyo hiyo. Aliona maji kwa macho yake, akalipa, akaondoka na stendi nyepesi huku anapiga mluzi. Akili yake ilikuwa kwenye njia ya kupanda, haikuwa kwenye kazi iliyomsubiri huko juu.

Na huko juu palikuwa na mama mmoja, mkongwe. Alikuwa na wana wawili ambao kwa miaka tisa hawakusemezana. Mama yule hakuomba ng'ombe wala blanketi. Aliomba kitu kimoja: kabla hajafa, asimame katikati ya wanawe, mmoja kulia na mmoja kushoto, na wake zao na wajukuu wote, apigwe picha moja kubwa. Alisema wajukuu wakija kuulizana, waone kwamba walikuwa nyumba moja. Majirani wakambembeleza huyu, wakambembeleza yule, na siku ya picha wana wakaja wote wawili. Fikirini moyo wa mama yule asubuhi ile!

Wakapangwa mbele ya nyumba. Upepo wa mlimani mnaujua. Mpiga picha akaingia chini ya kitambaa chake, akapaza sauti, "Tulieni! Asitikisike mtu!" Wakatulia mpaka watoto wakaacha kumeza mate. Moja, mbili, tatu, nne.

Baada ya wiki tatu akaileta picha, na wote wakakusanyika tena kuitazama. Kila mtu alikuwa na nyuso mbili, moja juu ya nyingine, kama mtu anayejitazama kwenye maji yaliyovurugwa. Mpiga picha akatikisa kichwa. "Mama, niliwaambia watulie. Wanao hawakutulia."

Mkubwa akamgeukia mdogo wake. "Ni wewe! Hata dakika moja kwa ajili ya mama imekushinda?"

"Mimi? Wewe ndiye ulikuwa unahema kama ng'ombe wa kulimia!"

Neno likazaa neno. Ya miaka tisa yote yakatoka nje, na yale ya shamba, na yale ya mazishi. Mdogo akawachukua mkewe na watoto wake, akateremka njia bila kuaga.

Mama alikuwa bado ameishika picha karibu na macho yake. Akauliza polepole, "Mwanangu, hiki nyuma yetu ni nini?"

"Ni ukuta wa nyumba yako, mama," mpiga picha akajibu.

"Ukuta wa mawe?"

"Wa mawe, mama."

"Mbona nao umetoka mara mbili? Nao haukutulia?"

Wapendwa, yule mtu akalikumbuka bakuli la maji la fundi. Akakimbia njiani kumwita yule mdogo, hakumpata. Kesho yake akarudi mjini, akanunua ile stendi ya mbao, akaipandisha mlimani ikimchubua bega. Akapiga picha upya bila malipo. Mdogo hakuja. Picha ilitoka safi, unaona hata uzi wa pindo la khanga ya mama. Na pale kushoto kwake, pasipo na mtu, pametoka safi vilevile. Mama alizikwa mwaka huo huo.

Sasa nisikilizeni. Mpiga picha yule hakuwa mwongo. Aliamini kabisa kwamba ni watu waliotikisika. Hapo ndipo penye hatari, kwa maana mtu ambaye pake pa kusimama panatetemeka huona dunia yote ndiyo inayotetemeka.

Sisi je? Baba unarudi na hasira za kazini, watoto wanakukwepa, unasema watoto wa siku hizi hawana adabu. Wazee wa kanisa mnalalamika vijana hawatulii ibadani, na ninyi mnatoka katikati ya sala kupokea simu. Tulipochagua cha kusimamia maisha yetu, tulichagua kisichochubua bega: sala ya haraka haraka, msamaha wa mdomoni, toba ya kwenye sherehe. Halafu tunapaza sauti, "Tulieni!"

Nami nisijifiche nyuma ya mimbari. Huu ni mwaka wa tatu nazihubiria nyumba mbili za hapa, mnazijua, zinazogombea zamu ya maji ya mfereji. Nimewaita wenye shingo ngumu. Na ndugu yangu wa tumbo moja yuko Mbaga, na hatujasalimiana tangu matanga ya baba. Mnanong'ona? Nong'oneni, ni kweli. Watu wale watapatanaje, na anayewahubiria ni mimi?

Basi leo msinisubiri kwenye chai. Nikitoka hapa nashika njia ya Mbaga, na ndugu yangu akinifungia mlango nitakaa nje ya mlango wake. Simameni tuombe, na leo mniombee mimi kwanza.