Tabibu wa Macho na Waziri wa Vibali

Siku niliyoingia mji wa Marijani, katika zama za Sultani Tuwakali bin Shamsudini, mwenye bahari mbili na minara arubaini, nilipiga magoti mbele ya bawabu. Nilimwona amesimama mlangoni pa kasri na joho la hariri nyekundu na kilemba cha zari, na ndevu zilizochanwa vizuri kuliko nywele za bibi arusi, nami nikasema moyoni, huyu ndiye Sultani. Nikamsifu, na nikamsifu babu yake nisiyemjua, na nikaufananisha uso wake na mwezi wa kumi na nne, na nikaomba anipe kazi ya mwanahekaya wa baraza lake. Hotuba hiyo nilikuwa nimeifanyia mazoezi melini miezi miwili mbele ya mbuzi, na mbuzi hawakuwa na lalamiko. Yule mtu akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kubwa, kisha akasema, "Umemaliza, mzee? Basi sogea. Umepiga magoti juu ya kamba ya kengele yangu."

Nyuma yangu mtu akacheka. Alikuwa mwanamke wa makamo, ameshika kijisanduku cha mninga kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai.

"Pole, kaka," akasema. "Hotuba ilikuwa tamu. Aliyekosea ni kilemba."

Huyo ndiye Mwanashali binti Mshamu wa visiwa vya Mikungu, na ndani ya sanduku mlikuwa na sindano tisa za fedha, kwani alikuwa tabibu wa macho, hodari wa kutoa mtoto wa jicho, yaani ule utando mweupe unaomshushia mtu pazia mbele ya dunia. Kwao alikuwa amekwisha kuwatibu wote. Visiwa ni vidogo na macho ni machache, na mkono wa tabibu wa aina yake una sharti moja: usipofanya kazi mwaka mzima, husahau. Alikuwa na miezi tisa hajashika sindano.

Kilichomleta Marijani ni mbiu. Kila asubuhi mpiga mbiu wa mji ule huzunguka na baragumu akitangaza, "Anatakiwa tabibu wa macho! Mji hauna tabibu wa macho! Mwaka wa sita huu!" Na mabaharia waliisikia, na wakaipeleka mpaka Mikungu, na watu wa kwao wakamsindikiza pwani kwa vigelegele.

Na ada ya Marijani ilikuwa ya ajabu, nami nimetembea nchi saba na kufukuzwa katika tano, sijaona mfano wake. Bawabu alitutia shingoni, mimi kwanza na yeye baadaye, ushanga wa punje tisini. Kila adhuhuri punje moja huyeyuka yenyewe kama chumvi, na ikiyeyuka ya mwisho, upepo humnyanyua mgeni popote alipo, hata akijificha chini ya kitanda, na humrudisha kwao. Asiyetaka upepo atafute mdhamini, mwenyeji atakayekubali kumwajiri, kisha maombi yake yagongwe muhuri na Waziri wa Vibali.

Mwanashali akaenda moja kwa moja katika nyumba ya tiba, akaonyesha sindano zake, na mkuu wa nyumba akafurahi karibu kulia.

"Tunakuhitaji kama maji," akamwambia. "Humu mjini umefanya kazi miaka mingapi?"

"Nimefika leo, bwana mkubwa."

"Sheria inataka mitano."

"Na hiyo mitano nitaifanyaje bila kibali?"

"Ewaa!" akasema mkuu, uso ukamng'aa. "Kila mgeni huuliza papo hapo. Basi mwandikie Waziri akusamehe hiyo mitano. Akigonga muhuri wake tu, mimi mdhamini wako."

Na mgeni haruhusiwi kumwona Waziri Lutufi. Maombi hutiwa ndani ya kapu kubwa, na kapu huingizwa katika kidirisha cha diwani, yaani ofisi yake, na kesho yake kasuku wa kijani hutokeza kichwa pale dirishani na kutamka, "Tumeyasoma maombi yako kwa makini, na tunasikitika!"

Mwanashali akaandika mara ya kwanza, wakasikitika. Akaandika mara ya kumi, wakasikitika. Mimi, mjuzi wa mambo, nikamshauri aongeze uzito, na nikamtungia utangulizi wa beti sitini. Wakasikitika vilevile. Hata siku moja, kwa udadisi tu, nikatia kapuni karatasi tupu niliyofungiwa maandazi, na asubuhi kasuku akaniarifu kwamba imesomwa kwa makini.

"Dada," nikamwambia Mwanashali, "hapa pana kitu."

"Kipo," akasema. "Ila punje zinakwisha."

Wakati huo tulikuwa tunaosha vyombo katika mkahawa wa pilau nyuma ya soko, kwa sababu katika mji ule kazi zisizohitaji kibali ni mbili tu, kuosha vyombo na kubeba mizigo. Na sijapata kuosha vyombo na watu wenye elimu kama wale. Sahani alizisuuza mnajimu aliyewahi kutabiri kupatwa kwa jua mara nne, na masufuria aliyapanga mjenzi wa madaraja, na aliyapanga kwa namna ambayo hata tembo angepita juu.

Siku ya themanini na tisa, Mwanashali alikuwa anakwangua ukoko wa sufuria kubwa, na chini ya ukoko akaona pete ya shaba, akaisugua kwa majivu ili aone kama ni ya mwenye mkahawa. Mara moshi ukafuka, na sufuria zikaruka, na jini akasimama mbele yetu, pembe zimegusa dari na bangili za chuma mikononi, akanguruma, "Labeka, bibi! Mimi Dahbashi, mtumwa wa pete! Nijenge mji ama nibomoe?"

"Nipatie kibali," akasema Mwanashali.

Jini akajikuna pembe. "Omba kasri."

"Kasri la nini, nami nimebakiwa na siku moja?"

Dahbashi akatazama mlango, akainama, akashusha sauti. "Bibi yangu, nisikufiche. Mimi nimejenga miji mitatu, kila mmoja kwa siku moja, na vyeti ninavyo. Lakini niliijenga nje, na humu wanasema uzoefu wa nje hautambuliki. Muujiza unahitaji kibali. Mwaka wa tano huu nimo ndani ya pete, isiyo na shingo ya kuvishwa ushanga, nangoja majibu."

"Umejibiwaje?"

"Wamesikitika."

Mimi nikampa kitambaa akaanza kukausha sahani, maana mtu asikae bure.

"Kwa hiyo bila kibali waweza nini?" Mwanashali akauliza.

"Kama ninyi. Vyombo na mizigo."

Mwanashali akafuta mikono, polepole, kidole baada ya kidole. "Dahbashi, mimi nina uzito gani?"

"Kama gunia la mchele lililopunjwa."

"Basi mimi ni mzigo. Kesho asubuhi unitie kapuni."

Na asubuhi ya siku ya tisini, kila mmoja wetu amebakiwa na punje moja shingoni, Dahbashi akamtia Mwanashali na sanduku lake ndani ya kapu la maombi, akalisukuma kidirishani, na kidirisha kikatanuka, nadhani kwa hofu. Yeye mwenyewe akapenya nyuma yake kama moshi. Mimi nikabaki nje, nimeshika nondo za dirisha, nusu ya uso ndani.

Nikamwona Waziri Lutufi, mzee mwenye heshima, amekaa juu ya marundo ya karatasi kama kuku anayeatamia, kasuku begani, na karatasi mkononi, na midomo yake ikitikisika.

"Nani?" akauliza.

"Maombi," akasema Mwanashali.

"Maombi hayasemi."

"Haya yamechoka kunyamaza, mheshimiwa." Akasogea, akamtazama usoni namna wanavyotazama matabibu, bila haya. "Hiyo uliyoshika inasemaje?"

"Nimeisoma kwa makini."

"Umeishika kichwa chini, miguu juu."

Kasuku akafungua mdomo, "Tumeyaso..."

"Nyamaza wewe," akasema Waziri, akaiweka karatasi chini. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ikabidi nisukume sikio ndani, "Mwanangu, kilemba hiki hakivai asiyeona. Pazia liliposhuka niliona haya. Na muhuri wangu una talasimu, haushiki wino juu ya karatasi ambayo sijaisoma mwenyewe neno kwa neno. Ila kukataa hakuhitaji muhuri, kunahitaji kasuku tu. Nikamtuma mpiga mbiu aite tabibu wa macho, nikasema, akifika nitamwita kwa siri. Mwaka wa sita huu, hajafika hata mmoja."

Mwanashali akatazama yale marundo. "Tumefika, mheshimiwa. Umetukalia."

Waziri akainuka haraka, akapapasa zile karatasi chini yake kama mtu aliyekalia watoto, na machozi yakamtoka katika macho yale yasiyoona. "Nitibu sasa hivi," akasema.

"Mgeni asiye na kibali akimponya mtu ndani ya kuta za mji, sheria inasemaje?"

"Hufukuzwa, na aliyeponywa huvuliwa cheo. Niliiandika mimi."

"Ndani ya kuta, umesema?"

"Ndani ya kuta."

"Dahbashi," akasema Mwanashali, "zulia hili lina watu wawili na sanduku. Ni mzigo au si mzigo?"

"Ni mzigo mwepesi," akasema jini, na akalichukua zulia kwa ncha nne, akatoka nalo kwenye roshani, akalipitisha juu ya ukuta wa mji, na akasimama nalo hewani upande wa pili, mahali ambapo si pa Sultani wala pa mtu yeyote. Nami nikapanda juu ya mtungi ili nione.

"Sasa," nikamsikia Mwanashali, "wewe Dahbashi usipumue. Pumzi yako ni upepo, na zulia likitikisika, huyu mzee hana jicho."

Jini akazuia pumzi. Mwanashali akachagua sindano ya tano, akatazama mkono wake wa kulia, akaukunja na kuukunjua. Miezi kumi na miwili ilikuwa inakamilika siku ile ile. Akasema bismillahi, akaingiza ncha pembeni mwa jicho, na Dahbashi akageuka rangi ya zambarau, na mimi, nisiyehusika, nikazuia pumzi pia, karibu nizimie. Mkono haukusahau. Ukaushusha ule utando chini ya mboni, kwa upole, kama mtu anayekunja jamvi baada ya wageni kuondoka.

"Unaona nini?" akauliza.

"Naona," akasema Waziri, akageuza kichwa. "Naona mwanamume mnene juu ya mtungi, mdomo wazi."

"Huyo ni kaka yangu wa vyombo. Unaona sawasawa."

Wakarudi diwani. Jua lilikuwa limekaribia utosi, na punje shingoni mwa Mwanashali ilikuwa imeshaanza kulainika. Akachomoa maombi yake katika rundo, na ole wangu, yaliyotoka yalikuwa yale yenye utangulizi wangu wa beti sitini, na talasimu inataka kila neno. Waziri akasoma. Akasoma sifa za mwezi, na sifa za bahari, na sifa za babu zake, na kila beti nilitamani ningezaliwa bubu. Kwenye beti ya arubaini aliguna. Kwenye beti ya hamsini Mwanashali alinitupia jicho dirishani ambalo silisahau.

Akamaliza. Akachovya muhuri katika wino, akauinua.

Mara baragumu likalia, na Sultani Tuwakali mwenyewe akaingia na wakuu wa baraza nyuma yake, kwani habari ya waziri aliyeonekana hewani ilikuwa imemfikia. Na katika mji ule Sultani akisema, hakuna mkono unaotikisika mpaka amalize. Muhuri ukabaki juu.

"Ewe tabibu," akasema Sultani, "uliyemrudishia waziri wetu nuru, na kuuondolea ufalme wetu aibu ya miaka sita, sisi hatumvui cheo mtu aliyeponywa nje ya kuta, wala hatumwachi aliyemponya aende mikono mitupu. Waziri wetu ni mjane, mtu wa nasaba na mali. Tumeamua kukuoza kwake, na mahari ni ngamia sabini, na nyumba yenye visima viwili, na mashamba ya waridi, na mke wa mwenyeji hana haja ya kibali wala mdhamini wala muhuri, basi taabu yako imekwisha."

Vigelegele vikapigwa, na Waziri akaona haya mpaka masikioni. Na kusema kweli hekaya yenye adabu huishia hapo, nami ningekuwa mtungaji ningewaozesha na kuwaombea watoto. Lakini punje yangu, iliyotangulia ya Mwanashali kwa muda wa kupiga magoti mara moja, ilikwisha kuyeyuka, na upepo ulikuwa umenishika pindo la kanzu, na miguu haikuwa tena juu ya mtungi, na nilikuwa nimebaki kwa vidole viwili kwenye nondo. Maombi yangu mwenyewe, ya kazi ya mwanahekaya, yalikuwa chini kabisa ya rundo. Na katika kuning'inia kule nikajifunza neno moja, nalo ni bure kwenu: anayekukataa si lazima awe amekuona.

Nikamsikia Mwanashali akijibu, kwa heshima, bila kupandisha sauti:

"Mungu akuweke, Sultani wangu. Niliomba kazi, mume sikuomba. Waziri, gonga muhuri."