Mvule Uliohesabiwa Mara Kumi

Ninyi mnaojua kuhesabu, semeni kweli: mmewahi kuhesabu kitu ambacho hakipo?

Sange aliwahi. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na vikao visivyoisha, mnyama mdogo huyu mwenye pua ndefu kama mkonga alipewa kazi ya utafiti: kuhesabu mivule ya msituni. Wakubwa walitaka kujenga Ukumbi wa Kulinda Msitu, na ukumbi wenyewe, walisema, lazima uwe wa mbao za mvule. Sheria ilikuwa moja: mivule ikifika kumi, mmoja utakatwa. Isipofika, halikatwi hata tawi.

"Siku saba porini, na siafu wale?" Sange aliguna. Akamwendea Tembo, mwenyekiti wa kikao. "Mjomba, twende ukashuhudie kwa macho yako."

Mjomba, kwa sababu ya pua zao ndefu. Tembo alipenda sana kuitwa hivyo.

Wakaenda, chaka-chaka-chaka! "Huu wa kwanza!" Tembo akajikuna mgongo kwenye gome, kwaru! kwaru! Wakazunguka kijito, wakapenya miiba, wakatokea upande mwingine.

"Wa pili, mjomba!"

Wakazunguka tena. "Wa tatu!"

Kwenye wa nne Tembo akasimama. Gome lilikuwa na tope bichi, juu kabisa, usawa wa mgongo wake.

"Sange, mbona huu..."

"Mbona nini? Au Mwenyekiti amepotea njia?"

"Nani? Mimi? Andika wa nne!"

Ndani ya tundu la mti ule alikuwamo Mama Hondohondo, analalia mayai. Mumewe alikuwa ameuziba mlango kwa udongo, kama ilivyo desturi yao, akaacha upenyo wa mdomo tu.

"Nyie! Mbona mnauzunguka mti wangu?"

"Utafiti huu, mama! Tunakulinda!"

Mpaka wa kumi.

Tembo akatangaza kikaoni kuwa mivule imefika kumi, na wiki ile ile Nyati akatumwa na shoka. Sange alikuwa nyumbani anapamba ripoti aliposikia: ko! ko! ko! Alijiambia mivule mingine lazima iko mahali fulani. Ni vile tu hakuwa amekwenda kuitafuta. Kisha, puuu!

Alikimbia, akachelewa. Bwana Hondohondo alikuwa anazunguka hewani pale mti ulipokuwa, tini mdomoni, hajui atue wapi. Mkewe alitambaa nje mzima, ila manyoya ya kurukia yalikuwa yamepukutika tunduni mle. Mayai yote mawili yalikuwa yamevunjika.

"Pole, bwana," alisema Tembo. "Mivule mingine tisa ipo."

"Nionyesheni mmoja."

Macho yote yakamgeukia Sange. Pua yake ikagusa ardhi.

"Hakuna. Ulikuwa huu huu. Niliwazungusha."

"Mti hauongezeki kwa kuhesabiwa mara kumi," alisema Mama Hondohondo kutoka majanini.

Tembo angeweza kunyamaza tena, hakuna aliyemuuliza. Akakohoa.

"Tope lile lilikuwa la mgongo wangu," alisema. "Nililijua tangu wa nne."