Mtambo Hupozwa na Masikio

"Mtambo hupozwa na masikio." Mnacheka? Chekeni tu, lakini usemi huu ulizaliwa Tukuyu siku ya posa, na chanzo chake ni hiki.

Zamani, kabla ya simu za mkononi, Ambakisye wa Tukuyu alikuwa fundi aliyezungumza na watu wa mbali kwa redio, kwa kupenda tu. Redio yake ilikuwa dhaifu, basi akaiundia mtambo wa kuiongezea nguvu. Mtambo ule ulikuwa hodari, ila ulichemka kila uliporusha sauti. Akaufungia mapezi ya alumini ya kutolea joto na kafeni kadogo, kisha akaweka sharti: ukisema dakika moja, achia kitufe usikilize dakika mbili, joto lipate kutoka; maana kitufe kikibonyezwa, wa upande wa pili hasikiki.

Mwaka huo mvua zilikata barabara ya Ludewa, alikoishi mpenzi wake Skolastika. Na mshenga wa kijana mwingine alitarajiwa kufika huko kesho yake asubuhi! Ambakisye akaamua posa yake iende kwa redio. Rafiki yake wa Ludewa, mwenye redio pia, akamkalisha Mzee Haule, baba wa binti, mbele ya kipaza sauti.

Mshenga wa Ambakisye alikuwa Mzee Mwakyoma, bingwa wa maneno. Alipoelezwa habari ya kitufe alikunja uso.

"Mwanangu, nimeposea watu kumi na tisa. Leo utanifundisha kusema?"

Akabonyeza. Akasalimu, akausifu ukoo wa Haule, akausifu wa kijana, akaingia kwenye ng'ombe wa babu. Dakika nne. Mapezi yakaanza kunuka. Dakika sita. Ambakisye akalowa jasho. Angesema nini? Kwa desturi, mwoaji hafungui kinywa mshenga anapoposa. Akifungua, posa imeharibika. Lakini mtambo ukiungua, Skolastika naye ameondoka.

Moshi mwembamba ukachomoza.

"Baba, naomba radhi! Achia kitufe!"

Mzee Mwakyoma akashtuka hata kidole kikaponyoka. Papo hapo ikasikika sauti ya Mzee Haule, imekwisha kukauka:

"...nasema mara ya saba, nimekubali! Tangu ulipotaja jina la kijana, nimekubali! Huko hakuna mwenye masikio?"

Kafeni kakaendelea kuvuma, moshi ukapungua. Mzee Mwakyoma alibonyeza tena, safari hii kwa ncha ya kidole.

"Tumesikia, mzee mwenzangu. Nisamehe kwa kelele ile. Ni mwoaji mwenyewe, hana adabu."

Akaachia.

"Huyo anayejua wakati wa kuachia kitufe ndiye ninayemtaka," akajibu Mzee Haule. "Binti yangu naye husema sana. Nilihofia nitampa mume asiyejua zamu yake ya kunyamaza."

Ambakisye akaruka kwa furaha, na Mzee Mwakyoma akacheka hadi machozi yakamtoka. Posa hiyo, ya ishirini kwake, aliimaliza kwa maneno matatu. Tangu hapo, mtu akishika mazungumzo peke yake, ilhali wenzake wanayo majibu aliyoyafuata, wazee humwambia: Mtambo hupozwa na masikio.