Waliojua Kwamba Ardhi Inapanda

Hapo zamani, kabla bonde la Lusonzi halijawa ziwa, palikuwa na kijiji kando ya mto, na mkuu wake aliitwa Simfukwe.

Mwanamke mmoja, Nachalwe, alilima mtelemko wa chini ya kijiji, pale mto unapopenya kati ya vilima. Jembe lake likawa linagonga mawe ya mviringo, mawe ya mtoni, mbali kabisa juu ya maji. Akatazama vizuri. Kilima kilikuwa na ngazi, na kila ngazi ilikuwa ukingo wa mto wa kale. Kwenye ile ya chini bibi yake alichota maji akiwa msichana. Sasa ilikuwa juu ya maji kupita kimo cha Nachalwe.

Akaenda kwa Simfukwe. "Baba, mto haupandi kilima. Ardhi ndiyo inayopanda. Itatuzibia mto pale vilimani, na maji yatarudi kijijini. Tuhame."

Simfukwe akasema, "Mtama bado mbichi, tukihama tutakufa njaa. Nitamtuma Sichone akaangalie. Nawe ukiwatia watu hofu, nitakufukuza na wanao."

Sichone, mwindaji, akashuka hadi penye vilima. Mto uliokwenda moja kwa moja sasa ulizubaa na kujipindapinda kwenye matete, na mbele yake mwamba mpya umechomoza majini. Akaelewa. Akarudi mbio. Njiani akapita kwa binti yake aliyeolewa mlimani, akamkuta na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Mkunga akamwambia, "Usiondoke, baba, nisaidie kumshika. Ukienda, huenda ukamzika." Akabaki.

Nachalwe akangoja, akachoka. Asubuhi moja akawachukua wanawe kupanda mlimani. Jirani yake Nanyangwe akamuuliza, "Mwenzangu, wapi tena?"

"Kuokota kuni."

Adhuhuri ardhi ikatetemeka. Nyumba zikaanguka. Kule vilimani mwamba ukainuka, ukaziba mto, maji yakarudi nyuma. Walionaswa chini ya boriti waliita, na maji yakaja polepole, yakawafika. Nanyangwe alishika mkono wa mwanawe wa pekee hadi mkono ule ukalegea.

Waliosalia wakakusanyika mlimani. Wakasema kati ya watatu waliojua, mmoja afukuzwe, na Nanyangwe aliyefiwa ndiye achague.

Simfukwe akasema, "Niliogopa njaa, na njaa mnaijua. Wake zangu wote wamo majini."

Sichone akasema, "Binti yangu yu hai kwa kuwa nilikaa. Sikujua kama ni leo au mwakani."

Nachalwe akasema, "Nilisema kabla ya wote. Ningesema tena, wanangu wangelala porini."

"Mimi ningekaa kimya," Nanyangwe akamwambia. "Ungeninong'oneza tu."

Nachalwe akawatazama wanawe. Walikuwa wamemshika nguo.

Simfukwe, aliyewafunga watu midomo. Sichone, aliyeuona mwamba akabaki kwa mwanawe. Nachalwe, aliyeokoa wanawe peke yao. Watatu wamesimama, na Nanyangwe anawatazama.

Haya, ninyi mlionisikiliza: kama mtoto yule aliyezama angekuwa wako, ungemfukuza nani?